Shali Shingoni mwa Mama

Jumatatu, 2 Juni

Kipupwe kimeingia bila kubisha hodi. Asubuhi nilipomtoa mama mkwe wangu kitandani na kumweka kwenye kiti chake cha dirishani, mkono wake mzima ulikuwa baridi kama kijiko. Ule wa pili haujui baridi wala joto tangu kiharusi kilipompiga. Maneno nayo yalikwenda siku hiyohiyo. Imebaki miguno, na macho ambayo tangu niolewe sijawahi kuyastahimili.

Daktari amesema asipigwe na baridi kabisa, mapafu yake si ya kuchezea. Mume wangu akanitazama, akasema kwa ile sauti yake ya kuomba bila kuomba kwamba bahati nzuri mkewe anajua kufuma. Nikasema nitamfumia shali. Nilidakia upesi mno, na sababu naijua. Mama yuko kwetu tangu mvua zilipokwisha. Namlisha, namgeuza, namfulia, lakini kumpenda sijampenda. Kila jirani anaponiita mkwe wa kupigiwa mfano, nafsi inanisuta. Haya siwezi kumwambia mtu, ndiyo maana naandika.

Jumatano, 4 Juni

Ghala la sufu ninakofanya kazi linanuka kondoo ingawa hakuna kondoo aliyewahi kukanyaga mle. Kazi yangu ni kuchambua. Sufu ya kondoo mmoja inatandazwa juu ya meza ya mbao zilizoachana, uchafu na vipande vifupi vinadondoka chini, nami naigawa: ya mabega huku, ya mbavu kule, ya mapaja mwisho kabisa kwa sababu ndiyo ngumu. Msimamizi ananiita Vidole. Naingiza vidole, nasugua mara moja, natupa inakostahili. Sihitaji kutazama.

Anayehitaji kutazama, kunusa na kusali ni mwenzangu wa meza ya pili, tunayemwita Bwana Busu. Yeye kila sufu inayomtatiza huchomoa kishungi cha manyoya, akakibana chini ya taya, akafumba macho. Tunamtania kwamba anaagana na kila kondoo. Leo nikamuuliza harusi ni lini, ghala zima likacheka, naye akacheka, kisha akaendelea kubana kishungi chake shingoni kwa mwendo wa konokono.

Masalia ya chini ya meza tunaruhusiwa kuchukua. Nikachagua ya mabega, nikachanganya na ya paja kidogo ili shali isilegee. Nikaipima yote kwa vidole. Laini.

Jumapili, 8 Juni

Nimesokota uzi mchana kutwa. Mgongo unalalamika.

Alhamisi, 12 Juni

Manyunyu. Nafuma karibu na kiti cha Mama, naye anazifuata sindano kwa macho. Wifi yangu, binti yake, alipokuja asubuhi kumwogesha aliishika kazi yangu akasema, "Wifi, una moyo." Nikaipokea. Wifi huja kila siku kabla sijatoka kwenda ghalani, na maji ya mama yake huyapima kwa kiwiko kama ya kichanga. Mimi huyapima kwa haraka.

Jumanne, 17 Juni

Shali imekwisha. Nimeifua, nikaisuuza kwa yale mafuta ninayolainishia nywele zangu, ikawa inateleza. Mume wangu aliacha kiatu alichokuwa akishona pale kibarazani, akaisugua kati ya vidole vyake, akasema ni kama pamba. Vidole vya fundi viatu na vidole vya mchambua sufu vikakubaliana. Tukamfunga Mama shingoni hadi mabegani. Akatulia.

Jumamosi, 21 Juni

Ameivaa tangu Jumanne. Jirani amesifu. Leo nimejisikia mtu kidogo.

Jumatatu, 30 Juni

Uji ulimwagikia shali jana na juzi, nikaifua tena kwa sabuni, ikakauka vizuri. Jioni Mama ameivuta kwa mkono wake mzima mpaka ikaanguka. Nikamfunga upya.

Jumatano, 2 Julai

Ameivua tena. Mume wangu anasema tangu asubuhi ameiokota sakafuni hata amechoka kuhesabu. Nilipomrudishia aliguna na kunikazia macho, yale yale.

Mwaka nilioolewa nilimfumia sweta, kazi ya mvua nzima. Hakuivaa hata siku moja. Baadaye nikaiona mwilini mwa mwanamke wa nyumba ya pili. Hakusema kitu nami sikuuliza, tukaishi hivyo, kila mmoja na kimya chake. Kumbe kiharusi kimemwondolea ulimi kikamwachia dharau. Nimeandika hivyo na sifuti, ingawa naona aibu kuisoma.

Ijumaa, 4 Julai

Baridi ya kukata masikio. Nimeibana shali kwa pini kubwa mbili, nyuma, asikofika.

Jumapili, 6 Julai

Pini hazikumzuia. Anaingiza vidole chini ya shali, anajikuna, anaivuta hadi inanyooka upande. Mume wangu akasema mama yake atajitia vidonda. Basi nikachukua soksi nene, nikamvalisha mkono ule mzima, nikaifunga kwa utepe kwenye kifundo. Mama aliutazama mkono wake, kisha akanitazama mimi. Mume wangu alinishika bega akasema nina akili.

Siku nzima nimekuwa nikikwepa kupita mbele ya kile kiti.

Jumatano, 9 Julai

Anakohoa kidogo. Kwa hiyo shali haitoki, hata wakati wa kuoga; wifi anamfuta chini ya mabega tu.

Jumamosi, 12 Julai

Asubuhi wifi aliuguliwa na mtoto, hakuja, nikamwogesha Mama mimi. Nilipofungua shali nilidhani nimeona uchafu. Ulikuwa wekundu. Umemzunguka shingo yote, umeshuka hadi kwenye mfupa wa bega, na kando ya sikio ngozi imetoboka inatoa majimaji. Ulikuwa na ukingo. Pale shali ilipoishia, wekundu nao uliishia, kama vile mtu ameuchora kwa kufuatisha.

Nilielewa palepale. Naliandika hili kwanza kabla sijaandika lililofuata, ili nisije nikajidanganya baadaye kwamba sikujua.

Nikaifua shali, nikaianika uani. Nikamvua soksi. Mkono ulikuwa na jasho na alama ya utepe. Hakuutumia kujikuna. Aliulaza tu juu ya paja lake.

Muuguzi anayepita majumbani alifika saa nne. Ni dada mpole, anavua viatu mlangoni hata ukimwambia asivue. Aliinama akaitazama ile shingo kwa muda, akauliza, "Mmebadilisha nini hapa? Sabuni? Mafuta?"

Mume wangu alikuwa amesimama nyuma yangu. Shali ilikuwa kwenye kamba, nje, isikoonekana. Na ilikuwa kweli kwamba wifi alileta sabuni mpya ya kunukia maua mwezi uliopita.

Nikasema, "Sabuni. Wifi yangu ameleta sabuni mpya."

Maneno yale yalitoka laini, hata sikukohoa. Muuguzi akaomba kuiona, akainusa, akakunja uso. Akasema ngozi ya mzee huwa nyembamba, tuache manukato yote, tupake mafuta aliyotupa, tumfunike kwa kitambaa cha pamba. Mume wangu akaichukua ile sabuni akaitupa kwenye pipa la taka. Hajawahi kutupa kitu kwa nguvu namna ile.

Shali nimeikunja nikaiweka chini kabisa kabatini. Mume wangu aliponiuliza nikasema imeingia unyevu.

Jumatatu, 14 Julai

Mume wangu amemwambia dada yake asiwe anakuja kumwogesha Mama kwa sasa. Nilikuwa jikoni, nilisikia yote. Wifi alisema sabuni ile aliinunua kwa kuwa Mama alikuwa akipenda harufu ya maua. Mume wangu akasema kupenda hakuoshi. Wifi akaomba aingie amwone tu, akaingia, akatoka, akapita mlango wa jikoni akaniambia, "Wifi, nisamehe, nimekuongezea kazi." Nilikuwa nimeshika mwiko. Niliendelea kuushika.

Alhamisi, 17 Julai

Ghalani. Wakati wa chai nilikwenda kukaa kando ya Bwana Busu, jambo lililowashangaza wote, yeye zaidi. Nilimletea kipande cha ile shali, kona niliyoikata, nikasema ni ya jirani. Nikamwambia inamwasha mtu lakini mkononi ni laini, aishike mwenyewe. Hakuishika. Aliibana chini ya taya na mara hiyohiyo akaitoa.

"Hii inachoma," akasema. "Mwenye shali ameipima kwa vidole, siyo?"

Nikasema huenda.

Akaniuliza kama viganja vyangu huhisi unyoya mmoja. Akachomoa unyoya kutoka kwenye kona ile, mnene, mweupe mfu, akauchomeka kwenye ncha ya kidole changu. Sikusikia kitu. Kisha akaniomba ruhusa, akaugusisha pembeni mwa shingo yangu, chini ya sikio. Nilishtuka.

Alieleza polepole, kama anavyofanya kila kitu. Unyoya mwembamba ukigusa ngozi hujipinda, ukalala. Mnene haupindi. Unasimama kama kijiti cha ufagio, na ncha yake inaichokoa ngozi, na ngozi inapiga kelele. Si sumu, na si kwamba sufu yenyewe ni adui. Ni unene tu. Wala hauhitaji kuwa mwingi. Ukichanganya sufu nzuri na ya paja kiasi kidogo, hicho kidogo ndicho kitakachosikika, kwa sababu vidole huonja ulaini wa jumla lakini shingo huhisi kila ncha. Viganja vyetu sisi vimekuwa ngozi ya kiatu, na mafuta ya sufu yanavilainisha kwa nje tu. Nikamuuliza mbona mwanzoni haikumwasha. Akauliza kama ilipakwa kitu. Nikasema mafuta ya nywele. Akatikisa kichwa: mafuta hulaza ncha, maji yakiyaondoa zinaamka.

"Huyo jirani anajikuna tangu lini?" akauliza.

Nikasema tangu mwisho wa mwezi wa sita. Akanitazama kwa huruma ambayo sikuitaka, akasema, "Mwambie aivue. Kikulacho ki nguoni mwako." Alisema kwa mzaha, kama watu wanavyousema. Nilirudi mezani nikachambua hadi jioni, na msimamizi aliposema Vidole leo umepungua kasi, nilivuta sufu nyingine mezani.

Ijumaa, 18 Julai

Sikusema.

Jumamosi, 19 Julai

Wifi ametuma mtoto na chupa ya supu. Haikuwa na ujumbe. Nimemnywesha Mama yote. Sikusema.

Jumatatu, 21 Julai

Nilikuwa nimeamua kusema wakati wa chakula. Mume wangu akaanza yeye, akasema ana bahati ya mke, kwamba damu yake mwenyewe imemuumiza mama yake na mtu wa kando ndiye anayemuuguza. Ukisifiwa hivyo ulimi unakuwa mzito. Sikusema.

Jumatano, 23 Julai

Shingo inapona. Mume wangu anasema, unaona, ilikuwa sabuni.

Mama hataki kulishwa na mimi. Si kwa hasira. Nikimkaribia anaunyanyua ule mkono mzima anauweka shingoni mwake, anajifunika, na anabaki hivyo mpaka niondoke. Kwa mume wangu hafanyi hivyo. Naye mume wangu ameona. Amesema labda wagonjwa huchoka na sura moja.

Jumamosi, 26 Julai

Nimesema.

Nilianza na Mama, kwa kuwa yeye ndiye hawezi kunijibu, na huo nao ulikuwa woga. Nikachuchumaa mbele ya kiti, nikamwambia ilikuwa shali, na kwamba alipokuwa akiivuta alikuwa ananieleza, nami nikamfunga mkono aliokuwa akiutumia kunieleza. Aliniangalia muda wote. Macho yale niliyoyaita ya dharau sikuona dharau ndani yake. Yalikuwa yananisikiliza. Labda siku zote yalikuwa yananisikiliza.

Kisha kibarazani. Mume wangu alikuwa na misumari midogo mdomoni, akaitoa mmoja mmoja wakati naongea, akaipanga juu ya soli. Alipomaliza kuipanga nami nilikuwa nimemaliza. Aliuliza jambo moja tu, kama siku ya muuguzi nilikuwa najua. Nikasema nilikuwa najua. Akainuka akavaa koti. Nikasema kwa dada yake nitakwenda mwenyewe. Akakaa tena, akageuzia uso ukutani.

Nilikwenda kwa miguu, upepo wa baridi usoni. Wifi alikuwa anaanua nguo. Alinikaribisha ndani kwa furaha, na hilo ndilo lilinimaliza. Nikasema nikiwa nimesimama mlangoni, nguo zake mikononi mwake. Nilimtolea ile shali mfukoni.

Hakuipokea. Aliniuliza, "Sufu?"

"Sufu."

"Mama hajawahi kuvaa sufu. Tangu tuko wadogo. Ikimgusa tu anavimba shingo, ndiyo maana hata sweta zetu alikuwa anazikunja kwa ncha za vidole. Mumeo hajui, nguo za nyumbani tulikuwa tunafua mimi na Mama. Nilidhani umetumia uzi wa pamba, wewe mtaalamu."

Nikamuuliza kuhusu ile sweta ya mwaka nilioolewa. Wifi akakaa kwenye kizingiti, nguo mapajani. Akasema Mama aliilia ile sweta. Aliivaa chumbani siku tatu akitumaini ngozi itaizoea, akatoka na shingo nyekundu, akamkataza yeye kuniambia, kwa sababu mkwe mgeni akiambiwa kazi ya mikono yake imeumiza atavunjika moyo. Akaigawa kimya ili mtu apate joto.

Basi miaka yote hii nimemchukia mwanamke kwa jambo alilonifanyia kwa wema. Nimeliandika na bado halijaingia vizuri.

Wifi hakupiga kelele. Nilitamani apige. Alisema, "Sabuni tungesameheana. Lakini mkono, wifi. Ulimfunga mkono." Kisha akaniambia niende, atakuja Jumatatu kumwogesha mama yake, na asinikute bafuni.

Jumatatu, 28 Julai

Amekuja. Nilikaa jikoni. Nilisikia maji, nikamsikia wifi akiimba chini chini, nikamsikia Mama akiguna kwa namna ambayo kwangu hajawahi kuguna.

Jumamosi, 2 Agosti

Mume wangu anaongea nami kuhusu chumvi, mlango na mafuta ya taa. Muuguzi nilimwambia pia. Alishukuru, akaandika, akasema angependa kuambiwa mapema. Alivua viatu kama kawaida.

Alhamisi, 7 Agosti

Limefika robota la wanakondoo, manyoya ya kunyolewa mara ya kwanza. Bwana Busu akanifundisha. Sufu hii ncha yake moja ni ile aliyozaliwa nayo, imechongoka yenyewe, haijawahi kukutana na mkasi. Nimeinunua kwa msimamizi, si masalia. Nimechambua kila kishungi chini ya taya langu, nikitoa unyoya mnene mmoja mmoja. Ghala zima limenitania kwamba sasa tuna mabusu wawili. Nikacheka nao, halafu nikaona aibu kwamba nimeweza kucheka.

Jumapili, 17 Agosti

Nafuma tena. Wifi ameniona. Akasema, bila ubaya, kwamba Mama hakuniomba shali. Nikasema hii ni tofauti, hii haichomi, nimejifunga mimi mwenyewe shingoni tangu juzi na hata alama haipo. Akasema haya.

Najua anachomaanisha. Ninachotaka ni kuona shali yangu shingoni mwa Mama, ili mume wangu aione, ili na mimi niione. Najua, na bado nafuma.

Jumapili, 24 Agosti

Baridi imelegea, jua linaingia hadi katikati ya chumba. Wifi alikuwa anamchana Mama nywele, mume wangu amesimama mlangoni. Nikaleta shali. Sikumvalisha. Nilipiga magoti mbali kidogo, nikamwonyesha, nikamuuliza kama anaitaka.

Mkono mzima ulianza kwenda shingoni, kama siku zile. Nikarudi nyuma. Akanitazama, akaitazama shali, akaunyoosha mkono akaishika. Akaisugua kwa kidole gumba. Kisha akaipandisha polepole hadi shavuni, akaibana pale kwa bega, akafumba macho, na kwa kitambo akakaa hivyo. Nilijua ni laini. Alijua ni laini.

Akafumbua macho, akaishusha, akairudisha mapajani mwangu, akaisukuma kidogo ili nielewe.

"Amekataa," akasema wifi.

"Nimeona," nikasema.

Nikaikunja nikaiweka nyuma yangu, asikoiona. Nikamuuliza Mama anataka nini basi, nikakaa palepale sakafuni kusubiri mkono wake uonyeshe.